Mgeni na Jembe: Uhakiki wa Sura ya Kimataifa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika Muongo wa Kwanza, 1961–1970

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru, chuo kikuu cha kwanza nchini kilifungua milango yake katika jengo la TANU, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, jijini Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Hakikuwa na jengo lake, wala hakikuwa na mamlaka ya kutoa shahada yake. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Hata hivyo, katika muda usiofika miaka kumi, chuo hicho kilijulikana Afrika, Karibiani, Ulaya na Marekani kuwa ni mahali ambapo maswali ya bara lililotoka kutawaliwa yalijadiliwa kwa kina na bila woga.

Mabadiliko hayo ya haraka yameelezwa mara nyingi kwa kutaja majina ya watu mashuhuri waliopita Mlimani. Maelezo ya namna hiyo yana ukweli, lakini hayatoshi. Orodha ya wageni mashuhuri haielezi kwa nini wageni walewale, katika vyuo vingine, hawakuacha alama ya aina hiyo. Aidha, haielezi kwa nini sifa iliyopatikana haikujenga mazoea ya kudumu katika ufundishaji na uandishi wa kitaaluma kwa lugha ya wenyeji.

Makala hii inahakiki wazo la chuo kikuu kipya chenye sura ya kimataifa kwa kutumia mfano wa Dar es Salaam katika muongo wake wa kwanza. Data za uhakiki ni za aina mbili: kumbukumbu za kihistoria zinazojulikana kuhusu kuundwa kwa chuo, na kazi za fasihi ya Kiswahili zilizoandikwa na watu waliosoma hapo, hususan tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein na riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi. Hoja ya msingi ni kwamba sura ya kimataifa ya chuo hicho haikutokana na muundo ulioazimwa, bali ilitokana na swali la wenyeji ambalo wageni walilikubali kuwa swali lao pia. Hata hivyo, kazi hiyo ilibaki nusu, kwa kuwa Kiswahili kiliingizwa chuoni kama alama ya taifa, hakikuingizwa kama lugha ya kukutania mataifa.

2.0 Kigezo cha Uhakiki: Methali Mbili za Mgeni

Uhakiki wowote unahitaji kipimo. Katika mijadala ya sasa kuhusu elimu ya juu, kipimo cha ukimataifa ni hesabu: idadi ya wanafunzi wa kigeni, idadi ya wahadhiri wa kigeni, idadi ya mikataba ya ushirikiano, na nafasi ya chuo katika orodha za ubora zinazotolewa kila mwaka. Kipimo hicho kina faida moja, nayo ni kwamba kinahesabika. Kasoro yake ni kwamba kinamhesabu mgeni anapoingia mlangoni, lakini hakiulizi alifanya nini baada ya kuingia.

Busara ya Kiswahili ina kipimo kingine. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inamtazama mgeni kwa jicho la manufaa yake kwa mwenyeji. Methali ya pili, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", inaongeza sharti la muda na la kazi. Siku mbili za kwanza ni za heshima na takrima. Siku ya tatu mgeni anaingia shambani pamoja na wenyeji. Methali hizi zikisomwa pamoja, zinatoa maswali matatu yanayofaa kuulizwa kuhusu chuo kikuu chochote kipya. Shamba ni la nani? Jembe ni lipi? Na mgeni na mwenyeji wanapolima, wanazungumza kwa lugha gani? Maswali haya ndiyo yanayoongoza sehemu zinazofuata.

3.0 Ukimataifa wa Kuazima: Kutoka London hadi Afrika Mashariki

Katika miaka miwili ya mwanzo, chuo cha Dar es Salaam kilikuwa cha kimataifa kwa maana nyepesi kabisa ya neno hilo. Wahadhiri wengi walitoka nje, Mkuu wa Chuo Kishiriki, Cranford Pratt, alikuwa raia wa Kanada, na thamani ya shahada ilithibitishwa na London. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake. Nchi iliyokuwa na wahitimu wachache mno isingeweza kuanza na wahadhiri wake yenyewe, na mwanafunzi aliyehitimu alihitaji cheti kinachokubalika nje ya mipaka. Kwa hiyo, kuazima hakukuwa kosa. Tatizo la kuazima ni kwamba anayeazima hushika pia masharti ya mwenye mali.

Tarehe 28 Juni 1963 hatua ya pili ilichukuliwa kwa kuzinduliwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, huku Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Huu ulikuwa ukimataifa wa aina tofauti. Haukuziunganisha koloni na nchi iliyozitawala, bali uliunganisha nchi tatu jirani. Mgawanyo wa fani ulikusudiwa kuwafanya vijana wavuke mipaka: aliyetaka udaktari au kilimo alielekea Makerere, aliyetaka uhandisi alielekea Nairobi, na sheria ilisomwa Dar es Salaam. Kwa mpango huo, mwanasheria wa Kenya, wa Uganda na wa Tanganyika wangeweza kuwa wamekaa katika darasa moja kabla ya kukutana katika mahakama au mabaraza ya nchi zao.

Wazo hilo lilikuwa zuri kwa uchumi wa nchi maskini na kwa ndoto ya shirikisho, lakini lilitegemea uvumilivu ambao serikali changa hazikuwa nao. Kila nchi ilitaka madaktari na wahandisi wake, na iliwataka haraka. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo. Nchi nyingine mbili nazo zilikuwa na mahitaji kama hayo. Fani zilipoanza kurudiwa katika kila mji, sababu ya kuvuka mpaka ilipungua. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kuzaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa.

Wachambuzi wengi huhusisha kuvunjika huko na siasa za utaifa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha jambo moja. Chuo hicho kiliunganishwa na katiba, senati na mgawanyo wa fani. Hakikuwa na shamba moja ambalo pande zote tatu zililiona kuwa lao. Mwanafunzi wa uhandisi aliyekwenda Nairobi alifuata mashine zilizokuwa huko, hakufuata swali la pamoja la Afrika Mashariki. Mashine kama hizo zilipoweza kupatikana nyumbani, hakuwa na sababu ya kusafiri. Ukimataifa wa muundo, basi, hudumu kadiri upungufu uliouzaa unavyodumu.

4.0 Jembe la Siku ya Tatu: Idara ya Historia, Maji Maji na Kinjeketile

Mfano ulio kinyume cha huo unapatikana ndani ya chuo kilekile, katika idara ya historia. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, alifika baada ya kufukuzwa na serikali ya Rhodesia. John Iliffe alitoka Uingereza. Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana, alifika mwaka 1966 na akarudi tena mwaka 1969 kukaa hadi 1974. Isaria Kimambo alikuwa Mtanzania aliyekwenda kusomea uzamivu Marekani na kurejea. Kwa hesabu ya kawaida, idara hiyo ingeitwa ya kimataifa kwa sababu ya pasipoti za wahadhiri wake. Kwa kipimo cha methali, ilikuwa ya kimataifa kwa sababu ya jembe waliloshika.

Jembe hilo lilikuwa swali: je, Waafrika walikuwa watendaji wa historia yao wenyewe, au walikuwa watu waliotendewa tu? Swali hilo halikutoka London. Lilitoka katika nchi iliyokuwa imepata uhuru na iliyohitaji kujieleza ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, idara iliendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wanafunzi walikwenda katika maeneo ya vita kuwahoji wazee, na Gilbert Gwassa, akishirikiana na Iliffe, alitoa mkusanyo wa kumbukumbu za vita hivyo. Mgeni na mwenyeji walilima shamba moja, na shamba lilikuwa la mwenyeji.

Athari ya kazi hiyo haikuishia katika historia. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyekuwa amesomea sanaa za maonyesho chuoni hapo, alichapisha Kinjeketile. Tamthilia hiyo inatumia vita vilevile, lakini Hussein aliweka wazi kwamba Kinjeketile wake ni zao la ubunifu na hafungwi na Kinjeketile wa historia. Uhuru huo wa kisanaa ndio unaofanya tamthilia iwe ushahidi muhimu katika mjadala huu. Kinjeketile wa Hussein anawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakihasimiana kwa nguvu ya neno na imani ya maji. Anapogundua kwamba imani hiyo imekua kupita uwezo wake wa kuiongoza, anakuta kuwa hawezi tena kuirudisha kinywani. Mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa kufanya hivyo kungeua pia umoja na ujasiri ambao vizazi vijavyo vingehitaji.

Tamthilia hii inaweza kusomwa kama tafakari juu ya kila wazo kubwa la umoja, likiwamo wazo la chuo kikuu. Umoja unaotegemea ahadi ya kinga, iwe ni maji au shahada ya mbali, huvunjika siku ya majaribu. Hata hivyo, umoja huo ukiwa umewafanya watu wakutane na kuulizana, hauwi bure kabisa. Kwa upande wa umbo, Hussein alitumia mbinu za tamthilia alizozipata katika masomo ya chuo kilichofundisha kwa Kiingereza, akazifanya zizungumze Kiswahili cha wakulima wa Kusini. Hapa ndipo mgeni alipokuja na mwenyeji akapona: maarifa ya nje yaliingia katika lugha ya ndani, yakatoa kazi ambayo isingeweza kuandikwa London wala isingeandikwa Dar es Salaam bila mkutano huo.

5.0 Mipaka ya Mwenyeji: 1966 hadi 1970

Uhakiki usingekuwa wa haki kama ungemsifu mwenyeji tu na kumlaumu mgeni. Shamba likiwa la mwenyeji, mwenyeji pia anaweza kulizungushia uzio unaomzuia mgeni, na hata mwanawe, kulima. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 kati yao, akatangaza pia kupunguza mishahara ya viongozi, ukiwamo wake mwenyewe. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata. Tukio hilo liliibua swali ambalo halikuwa limeulizwa wazi: mwanafunzi anayesomeshwa kwa jasho la wakulima anawiwa nini na wakulima hao?

Swali hilo lilikuwa halali. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mkutano ulifanyika chuoni mwezi Machi kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa, na mitaala ikaanza kubadilishwa. Ni katika kipindi hicho pia ndipo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, akiwamo Yoweri Museveni wa Uganda, walipounda umoja wao wa kimapinduzi, USARF. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na FRELIMO ilikuwa na ofisi zake jijini. Ukombozi haukuwa mada ya kusoma tu. Wapiganaji walikuwa majirani. Mwaka 1968 Museveni na wenzake walitembelea maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji. Ni nadra kupata chuo kikuu kipya ambacho ukimataifa wake ulikuwa na maana nzito kiasi hicho.

Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1970 USARF pamoja na jarida lake, Cheche, vilipigwa marufuku. Katika kurasa za jarida hilo Issa Shivji alikuwa amechapisha uchambuzi wake wa matabaka nchini Tanzania. Serikali iliyokuwa imewaomba wanafunzi waulize maswali ya wakulima haikuwa tayari maswali hayo yaielekee yenyewe. Katika mwaka huohuo muundo wa Afrika Mashariki ulivunjika. Kwa hiyo, chuo kilipungukiwa na nguzo mbili kwa pamoja: muundo uliowaleta wageni kisheria, na uhuru uliowapa wageni na wenyeji jambo la kubishania. Mwenyeji anayempa mgeni jembe na kisha kumkataza kugusa mawe yaliyomo shambani hatavuna zaidi ya alichokuwa akivuna awali.

6.0 Swali la Lugha: Cheche, Kaizari na Kichwamaji

Jarida la Cheche linatoa mfano ulio wazi wa tatizo la tatu, yaani lugha. Jina lake lilibeba ukoo mrefu wa kimataifa: Iskra la Lenin huko Urusi, na Spark la Ghana ya Kwame Nkrumah. Ukoo huo ulitafsiriwa kwa neno moja la Kiswahili, na neno likaeleweka. Lakini ukifungua jarida lenyewe, hoja zake ziliandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyetetewa humo aliweza kusoma jalada, asiweze kusoma kilichomo. Kejeli hii haikuwa ya wahariri peke yao; ilikuwa ya chuo kizima. Hata mahojiano na wazee wa Maji Maji, yaliyotegemea Kiswahili na lugha za jamii husika, yaliingia katika maandishi ya kitaaluma kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Jambo hili linashangaza zaidi ukimtazama Mkuu wa Chuo mwenyewe. Mwaka 1963, mwaka uleule alioanza kukiongoza Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Kwa kalamu yake alithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba hotuba za Kirumi na kesi za mahakama ya Venice. Lakini chuo alichokiongoza hakikufundisha sheria wala historia kwa lugha hiyo. Baadaye, mapendekezo ya Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, yalitaka Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Nyerere alikieleza Kiingereza kuwa ndicho Kiswahili cha dunia. Tashibihi hiyo inakipa Kiswahili heshima ya kuwa mfano, lakini papo hapo inakinyima kazi: kinakuwa kipimo cha lugha nyingine kuonyesha upana wake, kisha kinaachwa nyumbani.

Gharama ya uamuzi huo imeonyeshwa na fasihi mapema kuliko ilivyoonyeshwa na tafiti za elimu. Euphrase Kezilahabi alisoma Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya pili, Kichwamaji, ilitoka mwaka 1974 ikichapishwa Nairobi. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hana pa kuyaweka maarifa aliyoyapata. Anarudi kwao, anawapenda na kuwadharau wazazi na wanakijiji kwa wakati mmoja. Anamchukia Manase, msomi mwenzake aliyepata cheo na aliyemharibia dada yake maisha, lakini anajikuta akifanana naye. Mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na hatimaye Kazimoto kujiua, ni hitimisho la maisha yasiyopata ulinganifu.

Si sahihi kuisoma riwaya hii kama istiari nyepesi ya chuo kikuu. Riwaya inakihusisha kichwa cha mtoto na maradhi, na uchungu wa Kazimoto una mizizi pia katika familia, mapenzi na mashaka ya kifalsafa kuhusu maana ya kuishi. Hata hivyo, taswira ya kichwa kilichokua bila mwili wake inazungumza moja kwa moja na mada hii. Kazimoto anafikiri mengi, lakini mawazo yake hayapati msikilizaji nyumbani kwao. Alichojifunza hakikupewa njia ya kurudi. Ajabu ni kwamba Kezilahabi alifanikiwa pale mhusika wake aliposhindwa: mashaka hayo ya udhanaishi, yenye ukoo katika falsafa ya Ulaya, yameandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na vijana wa Tanzania na Kenya. Mwandishi alijenga daraja ambalo chuo hakikulijenga.

Mwendo wake wa baadaye unathibitisha jambo hilo. Kezilahabi alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kwa tasnifu ya Kiingereza kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baada yake zikaja Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya ambazo fikra za wanafalsafa wa Ulaya na mapokeo ya Kiafrika zinakabiliana ndani ya Kiswahili. Msomi alilazimika kuandika hoja yake kwa lugha moja ili atambuliwe, na kuiandika upya kama sanaa katika lugha nyingine ili awafikie watu wake. Si kila msomi ana kipaji cha kufanya kazi hiyo mara mbili.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiingereza ndicho kilichouwezesha ukimataifa wa Dar es Salaam. Bila hicho, Rodney asingefundisha, mwanafunzi wa Malawi asingeelewa, na Uganda, ambako wengi walikihusisha Kiswahili na askari, isingekubali kushiriki. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa. Mwaka 1961 Kiswahili hakikuwa na vitabu vya sheria vya kiwango cha chuo kikuu, na istilahi za fani nyingi hazikuwapo. Kuanza kwa Kiingereza lilikuwa jambo la lazima.

Jibu ni kwamba ulazima wa mwanzo si sheria ya milele. Katika muongo huohuo, chuo kilichoanzishwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961 kiliwapokea vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikawapa mwaka wa maandalizi wa kujifunza Kirusi, kisha wakasoma udaktari na uhandisi kwa lugha hiyo. Ujerumani Mashariki, ambako Hussein mwenyewe alikwenda kwa masomo ya uzamivu, iliwafundisha wageni Kijerumani kwanza. Hakuna aliyesema vyuo hivyo si vya kimataifa kwa kuwa vilimtaka mgeni ajifunze lugha ya mwenyeji. Lugha ilikuwa sehemu ya jembe.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili kilipewa nafasi yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliingia chuoni mwaka 1964 na ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970. Hayo ni mafanikio yasiyopingika, na tasnifu za Kiswahili zinazoandikwa leo zimesimama juu yake. Lakini mwaka wa kuanzishwa kwa idara unastahili kuangaliwa. Ni mwaka uleule Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipokufa. Kiswahili kiliingia darasani wakati chuo kilipokuwa kikijifunga ndani ya taifa, na tangu hapo kikahesabiwa upande wa taifa, huku Kiingereza kikihesabiwa upande wa dunia. Lugha inayozungumzwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi ilipewa kazi ya lugha ya nchi moja, na ndani ya chuo ikapewa kazi ya idara moja. Hadi sasa, tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili karibu zote zinahusu Kiswahili chenyewe: fasihi yake, isimu yake, tafsiri yake. Lugha inajieleza yenyewe, lakini bado haijaachiwa kuueleza udongo, homa wala mkataba.

8.0 Hitimisho

Suala hili si la kumbukumbu tu. Mwaka 2017 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, hatua inayorudisha kwa sura nyingine ndoto ya 1963. Mwaka 2021 UNESCO iliiteua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi. Mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya Madras, India, ilifungua tawi Zanzibar, kisiwa ambacho lahaja yake ndiyo msingi wa Kiswahili Sanifu. Vyuo vipya vitaendelea kujengwa, na kila kimoja kitataka kuitwa cha kimataifa.

Uhakiki huu umeonyesha kwamba muongo wa kwanza wa Dar es Salaam unatoa mafunzo matatu kwa wajenzi hao. Kwanza, ukimataifa unaotokana na muundo wa kuazima au wa kugawana upungufu hukoma upungufu unapokoma. Pili, ukimataifa wenye nguvu ulitokea pale swali la mwenyeji lilipokuwa zito kiasi cha kumvuta mgeni alifanyie kazi, na ulidhoofika pale mwenyeji alipoogopa majibu ya swali hilo. Tatu, maarifa yaliyopatikana hayakupata njia ya kudumu ya kurudi kwa waliyoyatoa, kwa kuwa lugha iliyotumika kuwahoji wazee haikuwa lugha iliyotumika kuwajibu.

Kwa msingi huo, chuo kikuu kipya hakina budi kupimwa kwa zaidi ya idadi ya bendera zinazopepea mbele ya jengo lake la utawala. Kipimo kingine kinachofaa ni rahisi kukieleza, ingawa ni kigumu kukitimiza: mgeni wake afike siku ya tatu akiwa na jembe mkononi, awe ameanza kujifunza jina la jembe hilo kwa lugha ya shamba, na mwenye shamba aweze kusoma mwenyewe kilichoandikwa kuhusu mavuno yake.